Anayesinzia Katika Maombi Hajamwacha Mungu

Tangu Septemba 2024, daktari mwanagenzi mmoja alipojitoa uhai katika Kaunti ya Kiambu na chama cha madaktari, KMPDU, kikajitokeza hadharani kulalamikia zamu ndefu na mishahara isiyofika, mjadala kuhusu uchovu wa wanaosomea udaktari haujatulia hapa Nairobi. Nimeusikia kanisani, redioni na mezani kwa jamaa, na kila mara unafika njia panda ileile. Kuna wanaosema vijana wa siku hizi wamemwacha Mungu, ndiyo maana upepo kidogo unawaangusha. Kuna wanaosema dini yenyewe ndiyo inayowamaliza, kwa kuwafunza kupiga magoti pale walipopaswa kupaza sauti. Na kuna kundi la tatu, lenye upole zaidi, linalosambaza kwenye WhatsApp habari kwamba watafiti wamegundua wanafunzi wenye imani hawachoki kama wenzao, kwa hiyo dawa tunayo tayari.

Naona wote watatu wamekosea, na kosa la kundi la tatu ndilo linalonihangaisha zaidi, kwa kuwa limebeba ukweli ndani yake. Imani humsaidia kweli mwanafunzi wa udaktari. Lakini kwa sababu inamsaidia, inaficha uzito wa mzigo aliotwishwa. Wakubwa wa chuo na wa hospitali wakimwona bado amesimama, wanaamua kuwa mzigo unabebeka. Siku atakapopepesuka, wenzake wa ibada, na mara nyingi yeye mwenyewe, watasema amepoa kiroho. Hapo anadaiwa mara mbili deni ambalo hakulikopa: mwili unadai usingizi, na dhamiri inadai toba.

Tuuangalie kwanza uchovu wenyewe, ule ambao wataalamu huuita burnout kwa Kiingereza, maana neno hili tunalitumia ovyo. Aliyeanza kuuandikia kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974, baada ya kuona hali hiyo kwa watu waliokuwa wakihudumu kwa kujitolea katika kliniki ya bure, naye akiwa mmoja wao. Alichokiona mapema, ambacho sisi tunakisahau kila tunapowatuhumu vijana, ni kwamba walioishiwa nguvu hawakuwa wavivu wala wasiojali. Walikuwa wale waliojitoa kuliko wote. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo kinachotumika hadi leo, chenye sehemu tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuwa na moyo mgumu na wa mbali kwa watu unaowahudumia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoiingiza hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya, liliiweka kama jambo la kazini linalotokana na msongo wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa. Maana yake ni kwamba ukitafuta chanzo chake, unaanza kwa kuangalia mahali pa kazi, ndipo umwangalie mtu.

Sasa ziweke zile sehemu tatu mbele yako ujiulize imani inagusa ipi. Mwanafunzi anayeamini kwamba mgonjwa wa kitanda cha kona ameumbwa na Mungu ana sababu nzito ya kutomwita kwa jina la ugonjwa wake. Anayeamini kwamba ameitwa kwenye kazi hii hatajiona mtu bure hata daktari bingwa akimfokea mbele ya wodi nzima kwa kukosa jibu. Kwa hiyo sehemu ya pili na ya tatu imani inaweza kuzikinga, na nimeona ikizikinga. Sehemu ya kwanza ni habari nyingine. Saa za usingizi ambazo hukulala hazirudishwi na wito. Mwanafunzi wa namna hii anaweza kuwa na huruma tele, tabasamu na heshima kwa wagonjwa, huku mwili wake umekwisha. Ndiye asiyegundulika, kwa sababu wote tunaozunguka wodi tumezoea kuutafuta uchovu kwenye hasira na uzembe. Hatuutafuti kwa mtu mpole anayefika mapema.

Njia anayopita mwanafunzi huyu hapa kwetu inajulikana. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1967, na leo shahada yenyewe ni miaka 6, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi kabla ya leseni kamili. Miaka ya mwanzo ni ya kampasi ya Chiromo na maabara ya anatomia, ambako kijana wa miaka 19 hukutanishwa na maiti kabla hajawahi kumzika mtu wake wa karibu. Baadaye ni wodi, raundi za asubuhi, zamu za usiku, mitihani ya mdomo na hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani. Migomo ya wahadhiri na ya madaktari inapoingia, miaka inazidi kurefuka. Mgomo wa 2024 pekee, ulioanza Machi 14, ulidumu siku 56, na kiini chake kimoja kilikuwa malipo ya wanagenzi hawa hawa: makubaliano ya 2017 yalisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Makubaliano ya mwishoni mwa Desemba 2024 yaliwarudishia kiwango cha zamani, na wengi wakadhani jambo limekwisha. Pesa zilikuwa haki yao. Ila pesa hazikupunguza hata saa moja kwenye ratiba ya zamu.

Jambo ambalo mijadala yetu hulipita haraka ni nani aliyempeleka kijana huyu chuoni. Katika familia nyingi ninazozijua, karo ya udaktari haikutoka mfukoni mwa baba peke yake. Ilichangwa. Jumapili moja baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kijana aliitwa mbele ya kanisa, mchungaji akamwekea mikono, kikapu kikapitishwa, na akina mama wanaouza sukumawiki wakatoa noti za mia mia zilizokunjwa mara nne. Msikitini hali ni hiyohiyo: imamu husimama baada ya swala ya Ijumaa, akataja jina la binti wa fulani aliyeitwa kusomea udaktari, watu wakatoa kwa nia safi. Tangu siku hiyo kijana si wa wazazi wake tena. Ni daktari wetu. Akirudi likizoni anasubiriwa sebuleni na jirani mwenye presha, shangazi mwenye goti, na mzee anayetaka kusomewa karatasi ya eksirei. Watu hawa wanampenda, na kila jioni wanamtaja katika maombi. Sasa mwambie akasimame mbele yao aseme amechoka. Atakuwa anamwambia mama wa sukumawiki kwamba ile mia haikutosha.

Ndiyo maana nasema mchango huu wa imani una nguvu pande zote mbili. Unamfanya asijione peke yake usiku wa manane akisoma famakolojia, na unamfungia mlango wa kulalamika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni upendo ambao haukuachiwa nafasi ya kusikia habari mbaya.

Mpwa wangu yuko mwaka wa tano. Miezi kadhaa iliyopita tulikutana kwenye kibanda cha chakula karibu na hospitali anakofanyia mazoezi, akaagiza chapati na madondo, akaweka mezani daftari dogo la jalada jeusi ambalo kona zake zilikuwa zimelegea kwa kukaa mfukoni mwa koti. Kwa mbele kulikuwa na majibu ya maabara: potasiamu, kreatinini, hemoglobini. Ukiligeuza juu chini ukaanzia nyuma, ilikuwa orodha ya maombi. Hakuandika majina. Aliandika kitanda cha 14, figo. Kitanda cha 22, mama wa mapacha. Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alikatwa kwa mstari, aliyefariki aliwekewa mduara. Kwenye ukurasa wa mwisho miduara ilikuwa mingi kuliko mistari. Nilimuuliza kama bado anawaombea. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mjomba, siku hizi nikifumba macho niombe, nalala." Alisema kwa aibu, kama mtu anayeungama wizi.

Alikuwa ameshaungama kwa wengine kabla yangu. Alikiambia kikundi chake cha maombi kwamba hasikii kitu akisali, kwamba Neno limekuwa kavu, kwamba kwenye kesha la mwisho alisinzia akiwa amesimama. Walimwekea mikono. Wakampangia mfungo wa siku tatu. Binti aliyekuwa akilala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, anayekula mara moja kwa siku kwa sababu raundi huvuka saa ya chakula, akaambiwa afunge. Akafunga. Siwalaumu vijana wale, kwa sababu walimpa kitu bora walichokuwa nacho. Lakini walikuwa na neno moja tu la kumweleza mtu aliyekauka mbele za Mungu, na neno hilo ni kupoa. Hakuna aliyemuuliza amelala lini.

Nikirudi kwa wale wanaosema vijana wamemwacha Mungu, hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyoaminika. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya Wakenya 85 katika kila 100 ni Wakristo na karibu 11 ni Waislamu. Wanafunzi wa udaktari hawakutoka nchi nyingine. Pita kwenye mabweni yao Jumatano jioni usikie nyimbo, au nenda wodini wakati wa Ramadhani uone wanaofungua saumu kwa tende mbili kwenye korido, wameegemea ukuta, huku simu ya wodi ikilia. Kama kuacha imani ndiko kunakochosha, wanafunzi wetu wangekuwa miongoni mwa waliopumzika zaidi duniani. Tena jambo hili si la Kenya peke yake. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ukikusanya tafiti za nchi zaidi ya 40, ulikuta asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na asilimia 11.1 waliwahi kuwaza kujiua. Sonona si sawasawa na uchovu wa kazi, ingawa mara nyingi huishi nyumba moja. Miongoni mwa nchi hizo zimo za waumini sana na za wasioamini chochote. Kinachozifananisha ni namna madaktari wanavyofunzwa.

Watu wa upande huu wana silaha moja wanayoipenda, nayo ni msemo kwamba Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Wakristo hudhani umeandikwa hivyo katika Wakorintho wa Kwanza. Fungua sura ya 10, mstari wa 13: Paulo anazungumzia kujaribiwa, kwamba Mungu hatamwacha mtu ajaribiwe kupita awezavyo, na kwamba ataweka mlango wa kutokea. Hakusema lolote kuhusu mtu kupewa wagonjwa 40 na zamu mbili mfululizo. Waislamu nao hutaja aya ya mwisho ya Suratul Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Ni kweli, na aya hiyohiyo inamalizikia kwa dua ya waja wakimwomba Mola wao asiwatwike wasichokiweza. Muumini anafundishwa pale pale kwamba kuomba mzigo upunguzwe ni ibada. Na ratiba ya zamu haikushushwa kutoka mbinguni. Imechapwa na mtu ofisini, ikabandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, na mtu huyo anaweza kuibandua.

Upande wa pili, unaosema dini ndiyo inayonyamazisha, nauheshimu zaidi. Una ushahidi ambao hatuwezi kuukwepa. Tumetoka kufukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, tangu Aprili 2023, watu walioambiwa kwa jina la Mungu wakae mbali na hospitali na chakula. Hilo ni jambo la mwisho kabisa kwenye mstari, na ni dhuluma kulilinganisha na kikundi cha maombi cha chuo. Lakini mstari upo. Huanza pale kijana anapoambiwa kwamba anayemwona mshauri nasaha ameishiwa imani, au kwamba dawa za sonona ni kumkosea Roho. Nimeyasikia maneno hayo yakisemwa na watu wenye shahada. Na mpaka Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kinakiuka Katiba, anayejaribu kujiua katika nchi hii alikuwa mhalifu mbele ya sheria pia. Kijana alinyamazishwa na mimbari na kitabu cha sheria kwa pamoja.

Hata hivyo hoja hiyo inapotaka tuiondoe dini ili wanafunzi wapone, naiachia hapo. Katika uchambuzi ule wa 2016, ni asilimia 15.7 tu ya walioonekana kuwa na sonona waliotafuta matibabu, na uchambuzi huo ulihusu nchi za waumini sana na za wasioamini pia. Walinyamazishwa na nini hao? Na udaktari wenyewe, ambao una desturi zake za kuabudu uvumilivu: daktari bingwa anayesimulia kwa fahari jinsi enzi zake alivyokaa saa 48 bila kulala, na mwanafunzi anayeogopa kwamba akionekana kliniki ya akili, walimu wake ndio watakaosoma faili lake. Tena ukiiondoa dini Nairobi leo, utakuwa umeondoa watu pekee wanaojua kwamba fulani hajaonekana tangu Jumatatu. Ofisi ya ushauri nasaha hufungwa saa kumi na moja jioni. Mlango wa mwenzako wa ibada unagongwa usiku wa manane, na anafungua.

Nibaki kidogo kwenye zile tafiti zinazosambazwa, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapopotoka. Nyingi huwauliza wanafunzi siku moja, kwa karatasi moja, wanasali kiasi gani na wamechoka kiasi gani. Zikikuta wanaosali zaidi wamechoka kidogo, hatuwezi kujua kipi kilitangulia. Inawezekana sala imepunguza uchovu. Inawezekana vilevile kwamba uchovu umepunguza sala: aliyekwisha nguvu haamki kwenda ibadani, naye anahesabiwa kwenye safu ya wasio na imani. Mpwa wangu angejaza karatasi ile mwezi ule, angeonekana ni mfano wa binti aliyechoka kwa sababu haombi. Zaidi ya hapo, tafiti makini hazipimi wingi wa dini. Zinapima aina yake. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kwa swali hili, alitenganisha kumkimbilia Mungu kama mshirika na kumwona Mungu kama anayekuadhibu au aliyekutupa. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa karibu 600 wa miaka 55 kwenda juu: waliokuwa wakipambana na Mungu kwa namna hiyo ya pili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia ugonjwa wao. Wale walikuwa wazee wagonjwa, wala sidai kwamba matokeo yao yahamishwe yalivyo hadi mabweni ya Nairobi. Lakini ndani ya dini moja, kanisa moja, hata mtu mmoja, imani inaweza kuwa blanketi wiki hii na jiwe wiki ijayo. Tunapomwambia aliyechoka kwamba Mungu amegeuka kwa sababu yeye amepoa, tunamtoa kwenye imani ya kwanza tunampeleka kwenye ya pili, kwa mikono yetu, tukiimba.

Kwa hiyo swali linarudi kwenye saa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi yeyote wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Mwanafunzi wa udaktari si mwajiriwa, basi hayumo. Anawatoa wagonjwa damu ya vipimo, anasukuma vitanda, anashika retrakta, chombo cha kuachanisha jeraha, kwenye upasuaji kwa saa tano, na kwa sheria ni mgeni pale. Marekani, nchi isiyojulikana kwa huruma ya ratiba, iliweka mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni, kwa wastani wa wiki nne. Saa 80 bado ni nyingi mno, lakini kikomo kibaya kinaweza kubishaniwa, kukaguliwa na kupunguzwa. Penye kutokuwa na kikomo hakuna hata cha kukagua. Watanijibu kwamba madaktari ni wachache, wagonjwa wamelala wawili kitanda kimoja, nani atafanya kazi? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizokutana nazo, na sina jibu rahisi. Nasema tu kwamba upungufu wa madaktari ni deni la serikali, na hivi sasa linalipwa kwa usingizi wa watoto wa watu. Kama ni lazima walipe, angalau tuandike mahali kiasi wanacholipa.

Na hapa ndipo imani ingeweza kufanya kazi ambayo haijaombwa kufanya. Waadventista walishapigania hili: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kutowapa nafasi wanafunzi wao wa sekondari kuishika Sabato ni ubaguzi. Wengi wakaiona kama kesi ya dhehebu moja na ratiba yake ya Jumamosi. Mimi naiona kama waumini waliokwenda mahakamani kudai kwamba mwanafunzi ana siku ambayo si ya shule. Hebu fikiria viongozi wa makanisa na misikiti ya jiji hili, ambao mawaziri huwapigia simu, wakienda pamoja kwa wakuu wa vitivo na wizara kudai siku moja kamili kwa wiki kwa kila mwanafunzi aliye wodini, wa dini yoyote na asiye na dini. Wangekuwa wanatetea amri ambayo wanaihubiri tayari.

Vyuo navyo viache kuhesabu maombi kama huduma ya afya ya akili. Siku ya maombi kabla ya mitihani ni jambo jema likiandaliwa na wanafunzi wenyewe. Likiandaliwa na uongozi uleule uliopanga mitihani mitatu ndani ya wiki ya zamu, linakuwa kitu kingine. Chuo kikitaka kujua hali, kipime kuishiwa nguvu peke yake, bila kukichanganya na huruma na wito, kwa sababu ukivijumlisha, wanafunzi wenye imani watakupa jibu unalotaka kusikia. Na kipime mara kwa mara, kwa siri ya kweli. Utafiti wa Liselotte Dyrbye na wenzake uliochapishwa 2008, katika vyuo 7 vya Marekani ambako karibu nusu ya waliojibu walikuwa na uchovu huu, uliwafuatilia wanafunzi 370 waliokuwa nao mwaka uliotangulia. 99 kati yao walikuwa wamepona, na kwao mawazo ya kujiua yalipungua sana. Watu hupona. Kilichobaki ni kujua mapema ni nani.

Kwa viongozi wa vikundi vya ibada ninaomba jambo dogo zaidi, na silitoi kwenye saikolojia. Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa kuliko wote, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Ni nabii, si kijana aliyepoa. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala hakumpangia mfungo. Alimgusa akamwambia ale, kulikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamrudia mara ya pili na chakula, akamwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Mazungumzo kuhusu kazi yake yalikuja siku 40 baadaye. Na Waislamu wanamkumbuka Salman, swahaba wa Mtume, alipomtembelea nduguye katika imani Abu Dardaa, akamkuta anafunga kila siku na kusimama kila usiku. Alimlazimisha ale naye, na usiku alipotaka kuinuka akamwambia alale. Usiku ulipokaribia kwisha wakasali pamoja, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako. Abu Dardaa akaenda kumweleza Mtume, naye akasema Salman amesema kweli. Mapokeo haya tunayo, tunayasoma, watoto wanayakariri madrasa na shule ya Jumapili. Kiongozi wa kikundi anayesikia mwenzake akisema hasikii kitu katika maombi na akauliza kwanza umelala lini, umekula nini, hajaacha kazi ya kiroho akaingia ya kidaktari. Na jibu likimtia hofu, ajue namba ya kupiga, jina la mshauri, na awe tayari kumsindikiza hadi mlangoni.

Jumamosi iliyofuata baada ya kibanda kile, mpwa wangu alipata mapumziko ya zamu akaingia kitandani saa nane mchana. Jumapili hakuamka kwenda ibada ya asubuhi. Zamani wangempigia simu mara tano. Safari hii mmoja wao, binti wa mwaka wa nne ambaye siku ya kuwekewa mikono alikaa nyuma bila kusema kitu, alitoka kanisani akapita sokoni, akapika, akaja. Aligonga mara moja kwa kidole. Kimya. Hakugonga tena. Mpwa wangu alipofungua mlango saa kumi na moja jioni, alikuta hotipoti ya wali na ndengu imefungwa kwa leso, na chupa ya uji ambao bado ulikuwa na joto.